UZI: Walmart walipoacha kuuza risasi za bastola, nani hasa aliumia?

MsukumaWaTexas (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Jumamosi kwa kinyozi kulizuka ubishi. Jamaa mmoja, dereva wa malori, alikaza shingo kwamba risasi zilipanda bei Marekani nzima mwaka 2020 kwa sababu Walmart, yale maduka makubwa ya kuuza kila kitu, "waligoma kuuza". Mwingine akamkatalia: Walmart hawakugoma chochote, mbona yeye kanunua risasi za kuwindia palepale mwezi uliopita? Kila mmoja alikuwa na nusu yake ya ukweli. Mimi nilikuwa na mashine kichwani, siwezi hata kutikisa shingo, ikabidi ninyamaze. Nimekuja kubishia huku.

Walioko nyumbani niwape picha kwanza. Nilipohamia mji huu mdogo wa Texas mwaka 2017, risasi nilizikuta Walmart kule nyuma kabisa. Unapita nepi, unapita vyakula vya mbwa, unafika kwenye ndoano na mishipi ya kuvulia samaki, hapo kuna kabati la kioo lenye kufuli. Unabonyeza kengele, unasubiri mpaka miguu iume. Anatokea mama mtu mzima, funguo zinaning'inia mkononi kwa kamba ya kujisokota kama ile ya simu za mezani za zamani. Anauliza: ya bastola au ya bunduki? Anatazama kitambulisho, unalipa palepale kaunta. Boksi jeupe la Winchester, risasi 100 za bastola za milimita 9, dola 20 hivi. Senti 20 kwa risasi. Mjini pale bei hiyo ilijulikana kama nauli ya daladala inavyojulikana kwa mtu wa Mbagala.

Sasa, Agosti 3, 2019, mtu aliingia Walmart ya El Paso na kuua watu 22 (wa 23 alifia hospitali mwaka uliofuata). Siku chache kabla ya hapo, Julai 30, mfanyakazi aliyekuwa na kinyongo aliwaua wenzake wawili kwenye Walmart ya Southaven, Mississippi. Septemba 3 bosi mkuu Doug McMillon akawaandikia wafanyakazi wake barua. Aliyoyasema kwa ufupi: mzigo uliopo ukiisha, hatuagizi tena risasi za bastola, wala zile za saizi ya .223 na 5.56 zinazoingia kwenye bunduki za mtindo wa kijeshi. Bastola zenyewe walishaacha kuziuza tangu miaka ya tisini isipokuwa Alaska, na Alaska nako wakafunga. Bunduki zenyewe za mtindo huo, kama AR-15, waliziondoa 2015. Mwaka 2018, baada ya mauaji ya shule ya Parkland, Florida, wakapandisha umri wa mnunuzi kuwa miaka 21.

Waliacha nini rafuni? Bunduki za kuwindia kulungu, shotigani, na risasi zake. Kwa hiyo yule wa pili pale kinyozi hakusema uongo.

Barua ile ina namba moja ambayo watu waliipita mbio, na mimi naona ndiyo uzi mzima. Kampuni ilisema sehemu yake ya soko la risasi nchini itashuka kutoka asilimia 20 hivi hadi kati ya 6 na 9. Yaani karibu risasi moja katika kila tano zilizouzwa nchi hii ilipita kwenye kabati kama lile. Ukiondoa mtu wa namna hiyo sokoni, risasi hazipungui duniani. Kiwanda kinazalisha vilevile, kinampelekea mwingine. Chama cha wenye bunduki, NRA, kilisema hivyohivyo kwa hasira: foleni zitahamia kwenye maduka mengine. Na zilihamia kweli.

Kilichopotea ni bei elekezi. Hakuna aliyeitangaza na hakuna mamlaka iliyoisimamia, lakini ilikuwepo. Muuza bunduki wa pale mjini, mwenye duka la vyumba viwili, alijua akipandisha boksi kwa dola 5 mteja atavuka barabara. Walmart wenyewe hujinadi kwamba asilimia 90 ya Wamarekani wanaishi ndani ya maili 10 kutoka duka lao. Hiyo barabara ya kuvuka kila mtu alikuwa nayo. Kabati lilipobaki na mishipi tu, mwenye vyumba viwili akapumua.

Na hapa ndipo tunapofika kwa aliyeumia. Mnakumbuka mafuta ya kula ya kupima? Anayenunua dumu la lita 20 analipa kidogo kwa lita. Anayetuma mtoto na kikombe analipa zaidi, tena kila siku. Risasi ni hivyohivyo. Mpenzi wa kulenga shabaha ananunua 1,000 kwa mpigo kwenye intaneti, mzigo wa kilo 12 au zaidi, unaletwa mlangoni kwa gari, na nauli ikigawanywa kwa 1,000 haionekani. Huyu hata hakujua Walmart wameondoka. Lakini mzee wa shamba mwenye bastola moja kwenye droo, anayetaka boksi la 50 tu ili ajaribu kama bado inalia, akiagiza mtandaoni nauli inakaribia bei ya boksi. Yule mama wa usiku anayefanya kazi kituo cha mafuta naye yupo hapo. Hao ndio walikuwa wateja wa kabati, na hao ndio waliobebeshwa gharama.

Kwa mfugaji ni tofauti kidogo. Ile .223 iliyoitwa ya bunduki za kijeshi, huku mashambani ndiyo ya kupigia mbweha wanaonyemelea ndama, na nguruwe pori. Mwezi uleule wa Septemba 2019 Texas iliruhusu kuwinda nguruwe pori kwenye shamba la mtu binafsi bila leseni, ilimradi mwenye shamba amekubali. Leseni imefutwa na risasi imetangaziwa kuondoka rafuni wiki moja.

Habari ya 2020 nitairudia, kwanza nile.

Chuma Ulete

Nimeweka kambi. Kwamba unaenda kununua nepi na risasi kwa toroli moja? Huku kwetu hata ukitamka neno lenyewe kwenye daladala konda anakushusha.

dadaZuu

Mleta uzi, kwa heshima kabisa. Watu 22 wamekufa dukani wakinunua madaftari ya watoto, shule zinakaribia kufunguliwa, na wewe unatupigia hesabu za senti? Mimi nilifanya kazi ya usafi hospitali moja kusini mwa Texas, najua jeraha la bunduki linavyotoa harufu. Bosi yule alifanya alichoweza ndani ya ukuta wake. Mfanyakazi wake wa kaunta ana haki ya kwenda kazini bila kumuuzia mtu kitu ambacho kesho kitamrudia.

MsukumaWaTexas

Dada Zuu, sikupingi, na sikusema alikosea. McMillon kwenye barua ileile alikiri yeye mwenyewe ana bunduki na kakulia nyumba ya mbwa wa kuwindia ndege. Hata mwanzilishi Sam Walton alikuwa mwindaji wa kware. Kile chakula cha mbwa cha Ol' Roy kimepewa jina la mbwa wake. Si watu waliochukia bunduki. Walikuwa wamezika watu.

Ninachouliza ni kingine: hatua ile ilimgusa nani? Yule muuaji wa El Paso, kwa mujibu wa mashtaka ya serikali kuu, bunduki na risasi 1,000 alizinunua kupitia intaneti. Mtu wa dumu, si wa kikombe. Kabati la Walmart halikuwa njia yake.

dadaZuu

Sawa, hiyo nakupa. Lakini pia usidharau mtu anayenunua boksi moja kwa hasira saa nne usiku. Huyo naye yupo, na huyo hasubiri gari la mizigo siku tano.

MsukumaWaTexas

Hapo umenibana. Hoja yako nzito kuliko nyingi nilizosikia kwa kinyozi.

Mama Kaunta

Ngoja niingie. Nilikaa kaunta ya vifaa vya michezo miaka minne, duka kubwa, silitaji kwa sababu bado nina ndugu wanafanya kazi humo. Ile kamba ya funguo uliyoisema inaacha alama mkononi.

Tangazo lilipotoka, wiki mbili za kwanza zilikuwa vurugu. Siyo za ugomvi, za haraka. Watu ambao sijawahi kuwaona wanakuja wanapiga picha kabati. Milimita 9 iliisha kwanza, .223 ikafuata, kisha zikabaki zile saizi za babu ambazo hata mimi sikujua bastola yake inafananaje. Mzee mmoja alikuja kila Alhamisi kwa miaka yote niliyokuwa pale, boksi moja tu. Nilipomwambia hazirudi tena aliuliza, "Sasa niende wapi, binti?" Nikamtajia duka la bunduki lililokuwa umbali wa dakika arobaini. Akasema kule wanamtazama kama mtu aliyepotea.

Hilo nalo liandikwe. Kuna watu, hasa wanawake na wazee na sisi wenye lafudhi, hawajisikii vizuri kwenye duka la bunduki lenye vichwa vya wanyama ukutani na mwenye duka aliyejifunga bastola kiunoni. Kaunta yetu ilikuwa ya kawaida. Unanunua, hakuna anayekuhoji wewe ni wa wapi.

Mkongo wa Boise

Ndugu zangu jambo. Mama Kaunta umesema kweli kabisa. Mie siku ya kwanza kuingia duka la bunduki hapa Idaho, mwenye duka aliniuliza mara tatu kama niko na karatasi. Niko na kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, nikamuonyesha.

Na hapo niwakumbushe vijana wetu: mwenye kadi ya kijani sheria inamruhusu. Lakini mwenye visa ya muda, mwanafunzi au mtalii, serikali kuu inamkataza kushika bunduki na hata risasi yenyewe, isipokuwa awe kwenye misamaha michache, mmoja wao ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Wengi wanafikiri risasi ni kama msumari. Rafiki akikuomba umshikie boksi, fikiri mara mbili.

Kinyonga77

Swali la mtu wa Kenya: kwani risasi hazihitaji ukaguzi kama bunduki? Nilidhani lazima FBI wapigiwe simu.

MsukumaWaTexas

Bunduki ndiyo, ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Risasi, kwa sheria ya nchi nzima, hapana: ni umri tu, 18 kwa za bunduki ndefu na 21 kwa za bastola. Majimbo yana yake. California ilianza kukagua kila mnunuzi wa risasi Julai 1, 2019, miezi miwili tu kabla ya barua ya Walmart. New York ikafuata Septemba 2023. Mtu wa California alipigwa mara mbili mwaka mmoja: ukaguzi umeanza, na kabati la karibu limefungwa; mzigo wa intaneti nao hauletwi nyumbani kwake moja kwa moja.

Fundi Saa

Naona mleta uzi kaenda kula hajarudi na 2020, nimsaidie maana mimi najaza risasi mwenyewe nyumbani.

Risasi ni vitu vinne: ganda la shaba, baruti, kichwa, na fataki. Fataki ni kile kikombe kidogo kwenye kitako kinachopigwa na sindano ya bunduki (siyo yule fataki wa matangazo ya redio, mzee wa kununua chipsi). Ganda unaweza kuokota na kutumia tena. Baruti unanunua kopo. Fataki huwezi kutengeneza nyumbani ukabaki na vidole. Na Marekani nzima wazalishaji wakubwa wa fataki ni wanne: CCI, Federal, Winchester na Remington.

Sasa tazama 2020. Korona imeingia Machi, maandamano ya George Floyd Mei, uchaguzi Novemba. FBI walipokea maombi ya ukaguzi karibu milioni 39.7 mwaka ule, mwaka uliotangulia yalikuwa milioni 28.4. Si kila ombi ni bunduki mpya, lakini picha unaipata. Kila aliyenunua bastola mpya anataka angalau boksi mbili. Na katikati ya hapo Remington wakafilisika, Julai. Kiwanda chao cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kikanunuliwa na Vista Outdoor kwa dola milioni 81.4. Vista tayari walikuwa na Federal na CCI. Kwa hiyo wale wanne wa fataki, watatu wakawa nyumba moja.

Milimita 9 iliyokuwa senti 20 ikapita 70. Walmart wangekuwepo wasingezuia hilo. Kabati lao lingekuwa tupu kama makabati mengine.

Mama Kaunta

Lingekuwa tupu, ndiyo, lakini lingekuwa tupu kwa bei ileile. Hapo ndipo tofauti.

Baada ya kuacha kaunta ile nilihamia duka jingine la vifaa vya uwindaji, nalo silitaji. Mwaka 2020 tuliweka kikomo, maboksi matatu kwa mtu. Saa moja asubuhi gari la mzigo linaingia, nje kuna viti vya kukunja na thermosi za kahawa. Baba anakuja na mke na kijana wake, kila mmoja matatu, jumla tisa. Jumamosi unamkuta huyohuyo kwenye mnada wa bunduki ana meza, boksi la dola 20 analiuza 50. Ulanguzi wa sukari wa kwetu kabisa, tofauti ni kofia tu.

Na duka letu lilipoona hivyo, meneja akasema kwa nini faida aile yeye? Bei ikabadilishwa mara mbili ndani ya mwezi. Duka kubwa la nepi na mchele lisingeweza kufanya hivyo kirahisi. Risasi kwao ilikuwa kitu cha kukuleta ndani ununue na sabuni.

Fundi Saa

Hoja ya haki. Hata wakati wa ukame wa risasi ndogo za .22 baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, 2013, Walmart walikata maboksi matatu kwa siku na bei haikuruka. Watu walipanga foleni alfajiri kwa sababu hiyo.

Chuma Ulete

Walmart wenyewe walipata hasara?

MsukumaWaTexas

Kwa ukubwa wao, ni kama kumtoa kuku mmoja kwenye banda la elfu kumi. Mfano mzuri ni Dick's Sporting Goods, ambao waliacha bunduki za AR mwaka 2018. Bosi wao Ed Stack alisema hadharani hatua ile iliwagharimu mauzo ya robo bilioni ya dola, na zile bunduki zilizobaki, za dola milioni 5, wakaziharibu badala ya kuzirudisha kiwandani. Mwaka uliofuata wakaondoa kitengo cha uwindaji kwenye maduka 125, wakaweka mipira na viatu. Kampuni haikufa.

Nirudi kwenye ubishi wa Jumamosi. Msimu ule wa mwisho wa 2019, baada ya Walmart kutangaza, bei ya taifa haikupanda. Kwenye intaneti milimita 9 ilikuwa ya bei ya kutupa, mahitaji yalikuwa chini. Kilichopanda ni bei ya dukani, ya kikombe, kwenye miji ambako mshindani alikuwa mmoja. Ya 2020 ni korona na fataki. Na baadaye ilirudi kwenye senti ishirini na kitu bila Walmart kurudi. Kwa hiyo dereva amekosea mwaka.

Dereva wa Kinyozi

Habari zenu. Mimi ndiye huyo dereva. Nimefungua akaunti leo kwa ajili yako tu, na kinyozi ndiye kanitumia uzi.

Mwaka sijakosea. Mimi nilikuwa naishi mji wenye duka moja la bunduki na Walmart moja, Texas Kaskazini. Mwezi wa kumi 2019 nikaenda kwa yule bwana kununua boksi la 50 la milimita 9. Kibandiko cha zamani kimefutwa, juu yake kimebandikwa kingine, dola 4 zaidi. Nikamuuliza vipi, akanyoosha kidole dirishani kuelekea Walmart. Hakusema neno. Kwa hiyo wewe unasema bei ya taifa haikupanda. Mimi taifa langu lilikuwa lile duka.

Mwaka uliofuata kweli ilipaa kwa sababu nyingine, nimemsoma Fundi Saa, nimekubali. Lakini usiseme sikuona nilichokiona.

MsukumaWaTexas

Mkuu, hiyo dola 4 ndiyo mada yangu nzima tangu posti ya kwanza. Mbona tulikuwa tunabishana upande mmoja?

Dereva wa Kinyozi

Kwa sababu ulikuwa umenyamaza. Njoo Jumamosi, halafu uwahi, wiki iliyopita ulimtoroka kinyozi upande mmoja haujanyolewa vizuri, na yeye anasema jina lake linaharibika.